Ramani ya maksai na punda wa kazi Teso, Sebei na kusini mwa Karamoja: nihesabu nini, wapi, na mwezi gani?

Mchora Ramani, Soroti, anauliza:

Habari zenu, ndugu. Chama cha wakulima cha hapa kwetu mashariki mwa Uganda kimenipa kazi ya kuchora ramani ya wanyamakazi, yaani maksai wanaolima na kukokota pamoja na punda wanaobeba mizigo, kuanzia Serere na Ngora huko Teso, kupanda mlima hadi Kapchorwa na Kween huko Sebei, kisha kushuka upande wa pili hadi Nakapiripirit na Amudat huko Karamoja. Chama kinataka kujua mafundi wa plau wawekwe wapi, mafunzo ya kuwazoesha madume wachanga nira yafanyike wapi, na ni vijiji gani ambavyo watu bado wanalima kwa jembe la mkono kwa sababu tu hakuna jozi ya kukodi.

Nilianza na kile kilichokuwa karibu. Nilichukua ramani ya dunia ya msongamano wa mifugo inayotolewa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambayo kila mraba wake una upande wa kilomita 10 hivi, nikaikata kwa mipaka ya eneo letu katika programu ya QGIS. Picha iliyotoka ilipendeza macho, lakini haikunijibu swali. Ng'ombe wa Karamoja anayechungwa kwa ajili ya maziwa, mahari na heshima ya ukoo amehesabiwa sawasawa na maksai wa Ngora ambaye amelima misimu sita mfululizo. Punda nao hawamo kabisa, wala sikuona tabaka lao nilipotafuta, ingawa farasi wamo, na mimi tangu nizaliwe sijamwona farasi akifanya kazi upande huu.

Kwa hiyo nimefikia uamuzi kwamba lazima tutoke twende vijijini, tukiwa na dodoso kwenye simu, tuhesabu wenyewe. Ndipo maswali yanapoanza. Je, mnyama nimwandike pale anapolala, pale anapofanya kazi, au kwa jina la mwenye mali, ambaye huenda anaishi mjini? Nikienda Januari nitaona kitu kimoja, na nikienda Aprili nitaona kingine. Ni kipi kati ya hivyo ndicho ramani? Tena kuna jambo linaloninyima usingizi: nitaonyeshaje tofauti kati ya kijiji kisicho na mnyama hata mmoja na kijiji ambacho sisi hatukufika? Naomba mwenye uzoefu anisaidie kabla sijawapeleka vijana kazini.

Mtakwimu, Mbale, anajibu:

Ndugu Mchora Ramani, umefanya vyema kuishuku ile ramani ya FAO, ila usiitupe. Ni vizuri kuelewa ilivyotengenezwa. Watafiti walikusanya hesabu za sensa za nchi mbalimbali, ambazo aghalabu hutolewa kwa wilaya au mkoa mzima, kisha wakazigawanya hesabu hizo katika miraba midogo kwa msaada wa kompyuta, wakiangalia mvua, uoto, mwinuko, wingi wa watu na umbali wa miji. Toleo la tatu lilikadiria hali ya mwaka 2010. Maana yake ni kwamba mraba unaouona juu ya kijiji chako si mtu aliyekwenda kuhesabu, bali ni makadirio ya mahali ambapo ng'ombe wa wilaya wangetarajiwa kuwa. Kuna hatari moja ambayo wengi huangukia: mtu anachukua ramani hiyo, anailinganisha na ramani ya mvua, kisha anatangaza kwamba amegundua ng'ombe hufuata mvua. Hajagundua kitu. Mvua ilikuwa imetiwa ndani tangu mwanzo. Toleo hilohilo lina ramani nyingine ambayo imegawanya hesabu kwa usawa ndani ya kila eneo la sensa bila kuingiza mambo hayo. Ukihitaji kulinganisha, tumia hiyo.

Msingi wako bora ni sensa za mifugo za hapa nyumbani, ile ya 2008, iliyohesabu ng'ombe milioni 11.4 nchi nzima, na ile ya 2021. Lakini kabla hujaziweka pamoja, kaa chini na mipaka. Mwaka 2008 Serere ilikuwa ndani ya Soroti, Ngora ilikuwa ndani ya Kumi, Kween ilikuwa ndani ya Kapchorwa na Amudat ilikuwa ndani ya Nakapiripirit. Zote hizo zimekuwa wilaya mwaka 2010. Nabilatuk nayo imekatwa kutoka Nakapiripirit mwaka 2018. Mtu asiyejua hili akiweka safu ya 2008 kando ya safu ya 2021 ataona Soroti imepoteza ng'ombe kwa wingi wa kutisha, ataandika ripoti juu ya ugonjwa au wizi, kumbe kilichobadilika ni mstari kwenye ramani. Tengeneza jedwali ambalo kila gombolola (sehemu ya wilaya) ya leo ina safu inayotaja wilaya mama yake ya 2008, na ulinganishe kwa wilaya mama. Ni kazi ya siku mbili au tatu inayochosha, nami nakuomba usiiruke.

Jambo la pili ambalo naona limesahaulika karibu katika kila ramani ya mifugo niliyoiona ni kigawanyo. Ukigawa idadi ya jozi za maksai kwa eneo lote la gombolola, unagawa pia kwa maji ya ziwa Bisina na ziwa Opeta, kwa mabwawa ya mafunjo, kwa msitu wa hifadhi ya Mlima Elgon, na kwa hifadhi ya wanyamapori ya Pian Upe, ambayo peke yake inazidi kilomita za mraba 2,000. Maksai halimi ziwani. Tuseme gombolola ina kilomita za mraba 400, ambazo 100 tu ni mashamba, na ina jozi 600. Kwa eneo lote utapata jozi moja na nusu kwa kila kilomita ya mraba, na ramani itaonyesha umaskini. Kwa eneo la mashamba utapata jozi 6, na picha inageuka. Ili upate eneo la mashamba unaweza kuanza na ramani za WorldCover za Shirika la Anga la Ulaya, za mwaka 2020 na 2021, ambazo zina miraba ya mita 10. Zikague kwa macho, kwa sababu shamba dogo lenye miti kama miembe katikati mara nyingine huandikwa kama vichaka au nyasi.

Sasa endelea na hesabu hiyohiyo, maana hapa ndipo ramani inapoanza kuwafaa wakulima. Jozi moja ya zebu, yaani ng'ombe wetu wenye nundu, inalima takriban nusu ekari kwa siku, na kilomita ya mraba moja ni ekari 247. Jozi 6 kwa kilomita ya mraba zinalima ekari 3 kwa siku, kwa hiyo zinahitaji siku 82 kumaliza. Mvua ya kwanza haimsubiri mtu siku 82. Ningekuwa wewe, ramani ya mwisho ningeipaka rangi kwa siku za kusubiri badala ya idadi ya vichwa: ni siku ngapi zinapita tangu udongo ulainike hadi mtu wa mwisho katika gombolola apate jozi. Kiongozi yeyote wa chama ataielewa rangi hiyo bila kufafanuliwa, na fundi wa plau ataona mwenyewe pa kuweka kibanda chake.

Kuhusu vijiji ambavyo hamkufika, usiviache vyeupe. Weupe kwenye ramani husomwa kama sifuri. Vichore kwa mistari ya mshazari, na katika dodoso lenu weka swali la lazima linalosema "tumefika, tumeuliza, hakuna", ili sifuri ya kweli iwe na sahihi ya mtu na tarehe.

Mganga wa Mifugo, Kapchorwa, anajibu:

Mtakwimu amezungumza vizuri juu ya maksai. Naomba nizungumze juu ya punda, kwa sababu hapa mlimani punda ndiye barabara yetu. Mahindi na viazi vya vijiji vya juu hufika kwenye lami mgongoni mwake, na mbolea na saruji hupanda kwa njia hiyohiyo.

Ukimwuliza mtu wa kwetu, "Una mifugo gani?", atakutajia ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku, kisha atanyamaza. Punda anaweza kuwa amesimama nyuma yake. Hakufichi, katika fikira zake punda ni chombo, kama jembe au kama baiskeli. Kwa hiyo badilisha swali. Uliza, "Mahindi ya mwaka jana yalishukaje hadi barabarani?" na utasikia kwamba yalishuka kwa punda wake, au wa shemeji yake, au wa kijana anayekodisha kwa gunia. Upande wa Karamoja na Amudat, swali hilo mpelekee mama wa nyumba. Punda huko hubeba maji, kuni na vyombo wakati wa kuhama, na kazi hizo ni za wanawake; mwanamume atakupa hesabu ya ng'ombe bila kukosea hata mmoja, halafu kuhusu punda atakuambia "wapo".

Kuhesabu nyumba kwa nyumba pekee kutakupotosha, kwa kuwa punda hukodishwa, huazimwa na huachwa wazurure. Kuhesabu njiani siku ya soko pekee nako kutakupotosha, kwa sababu punda yuleyule hushuka mara tatu kabla ya saa tano asubuhi. Njia ninayoiamini ni ya kuweka alama. Simama kwenye njia ya kushukia alfajiri, na kwa idhini ya wenyewe weka alama ndogo ya rangi isiyodhuru ngozi juu ya paja la kushoto la kila punda anayepita, mara moja tu. Tuseme umeweka alama kwa punda 60. Wiki inayofuata rudi uhesabu punda kwenye visima na malisho ya eneo lilelile. Tuseme umeona 80, na kati yao 24 wana alama. Zidisha 60 kwa 80, gawa kwa 24, unapata 200. Hesabu hii husimama ikiwa alama hazijafutika, ikiwa punda hawajahama katikati, na ikiwa kila punda ana nafasi sawa ya kuonekana. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwani punda mgonjwa na punda mwenye mimba hubaki nyumbani. Ndiyo maana mzunguko wa pili usiufanyie tena njiani.

Ukiwa hapo njiani, usihesabu tu, tazama. Mwezi uliopita nilimwona punda jike akishuka na gunia la kilo 100 lililolazwa kukingama mgongo bila shogi, yaani tandiko la mzigo, ila gunia tupu lililokunjwa mara mbili. Kamba ya katani ilipita chini ya mkia, na pale ilipogusa ngozi palikuwa pamechubuka hadi nyama nyekundu, nzi wamejaa. Kila alipoweka mguu wa mbele kwenye jiwe, gunia lilisogea mbele na kugonga bega. Punda wa ukubwa wake, wa kilo 150 hivi, mzigo unaomfaa ni wa kilo 50. Nilimwomba kijana aliyekuwa naye apumzishe, tukatua gunia pamoja, tukaligawa katika viroba viwili, kimoja kila upande, akaendelea taratibu. Ukiweka katika dodoso lako swali moja tu juu ya kidonda mgongoni na jingine juu ya kamba ya mkia, ramani yako itatuonyesha pia mahali ambapo shogi nzuri zinahitajika, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko idadi.

Andika tarehe kubwa kwenye ramani ya punda. Jirani zetu Kenya walihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 katika sensa ya 2009, na takriban milioni 1.2 katika sensa ya 2019. Katikati yake, kuanzia 2016, yalikuwa yamefunguliwa machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi zinazopelekwa China. Umoja wa Afrika ulipiga marufuku biashara hiyo Februari 2024. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima au zaidi, tena huzaa mmoja, kwa hiyo eneo likishaondolewa punda wake halijazwi tena kwa msimu mmoja au miwili. Mpaka wetu na Pokot ya Kenya uko wazi, na ramani isiyo na tarehe itamwongopea msomaji wa baadaye.

Kuhusu maksai nina neno moja tu. Weka safu ya mahali mnyama alikotoka na soko aliponunuliwa. Mlipuko wa malale uliotokea Soroti mwishoni mwa 1998 watafiti waliuhusisha na ng'ombe walioletwa kupitia soko la mifugo kutoka maeneo ambayo ugonjwa ulikuwapo tayari, kwa kuwa ng'ombe hubeba vimelea hivyo bila kuonyesha dalili kubwa na mbung'o akavisambaza kwa watu. Na maksai mwenye nagana, yaani ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, hata asipokufa, hukokota kwa nusu ya nguvu zake. Angalia pia kama wilaya iko chini ya karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, kama ilivyokuwa katika wilaya nyingi mwaka 2024. Punda hashikwi na ugonjwa huo, lakini soko likifungwa naye hutamwona njiani.

Mzee wa Ngora, bwana shamba mstaafu, anajibu:

Mwanangu wa Soroti, nimesoma swali lako mara mbili, na nimefurahi kwamba bado kuna kijana anayejali nani analima kwa mkono.

Plau ilifika kwetu Teso karibu na mwaka 1910, pamoja na pamba, na ilishika hapa kuliko kokote Uganda kwa sababu zinazoonekana kwa macho. Udongo wetu una mchanga, ni mwepesi, na nchi ni tambarare. Ng'ombe walikuwapo tayari. Mazao yetu, mtama, ulezi, karanga, pamba, hupandwa upya kila msimu, si kama migomba ya Buganda inayokaa miaka na kumkatalia maksai njia. Ramani yako ikionyesha maksai wengi Teso na Lango na wachache kusini na magharibi, usidhani watu wa huko hawajaelimika. Shamba lao halina pa kupitisha plau, na mlima wao hauna pa kugeuzia.

Umeuliza uandike mnyama wapi. Mimi nakuambia usianze na mnyama. Anza na plau. Plau haitembei, haichungwi mbali, mtoto akiugua haiuzwi kwa haraka kama ng'ombe, na hakuna anayeona vibaya kukuonyesha. Itazame ncha yake. Ikiwa imeng'aa na kuliwa upande mmoja, imelima msimu huu. Ikiwa ina kutu nyekundu na buibui amejenga kwenye gurudumu, nyumba hiyo imepoteza maksai wake, na hapo umepata jibu ambalo hesabu ya ng'ombe isingekupa. Kisha uliza, "Plau hii ilivutwa na nani Machi iliyopita?" Utaambiwa: maksai mmoja ni wangu, wa pili ni wa jirani, kijana wa kuongoza ni wa shangazi. Ukihesabu jozi kwa nyumba, nyumba hizo tatu zote zitapata sifuri, kwa kuwa hakuna hata moja yenye jozi. Lakini zote tatu zimelima na kupanda kwa wakati. Iandike jozi kama kitu chenyewe, kwa namba yake, na uiunganishe na nyumba zote zinazoimiliki na mashamba yote inayoyalima. Mahali pake kwenye ramani pawe katikati ya mashamba hayo.

Tena usimwulize mwenyeji kama ng'ombe fulani ni maksai wa kazi. Nenda ukamshike shingo. Maksai aliyevaa nira misimu miwili ana sugu mbele ya nundu, pana kama kiganja, pasipo manyoya, ngozi nene na laini kama ngozi ya kiatu cha zamani. Ndama dume aliyehasiwa jana hana. Wapo wanaosema wana jozi nne, na ukishika shingo unakuta jozi moja ina sugu, na nyingine zinangojea kufundishwa au kuuzwa Desemba. Na ukute jike mwenye sugu, mwandike pia. Hiyo ni nyumba iliyobanwa hadi ikamfunga nira ng'ombe wa maziwa.

Msimu: njoo mara mbili. Machi na Aprili, mvua ya kwanza, na tena Julai na Agosti. Kazi huanza kabla jua halijachomoza na huisha saa nne au tano asubuhi, maksai wakianza kutoa ulimi. Ukifika saa saba mchana utakuta plau imelazwa na wanyama wako malishoni kilomita tatu kutoka shamba, na simu yako itaandika malisho. Upande wa Karamoja hawana mvua mbili kama sisi. Kule mahali panapolimwa kwa maksai, kama Namalu, fuata mvua yao moja. Na kumbuka kuuliza jozi ni ya wanyama wawili au wanne. Udongo wa tope wa bondeni, au maksai waliokonda mwisho wa kiangazi, hulazimisha wanne kwenye plau moja, na hesabu ya Mtakwimu ya nusu ekari kwa jozi itapungua hadi nusu yake.

Sasa nikuombe jambo kwa uzito wote. Usiweke alama ya zizi la mtu yeyote kwenye ramani itakayoonekana na watu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mimi nilikuwa na maksai wanane, na kijiji chetu kilikuwa kikisikia kengele za ng'ombe kutoka kila upande jioni. Wavamizi walipomaliza kupita, hapakubaki kengele. Tulirudi kwenye jembe la mkono, watu wazima waliokuwa wamesahau jinsi linavyokata kiganja, na eneo tulilolima lilishuka hadi robo. Ilinichukua miaka kumi na moja kupata jozi tena. Mtu aliyepitia hayo akimwona kijana na simu akipiga picha zizi lake, atakuambia hana ng'ombe, na ana haki. Mwambie kwanza nini kitachapishwa na nini hakitachapishwa, mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kisha lishike neno lako.

Mchora Ramani, Soroti, anarudi:

Nawashukuru sana, Mtakwimu, Daktari, na Mzee wangu. Wiki hii nilikwenda katika parishi (sehemu ya gombolola) moja ya Ngora kujaribu maswali ya Mzee. Katika nyumba ya kwanza mama mwenye nyumba aliniambia hana maksai, na dodoso langu la zamani lingeishia hapo. Nikauliza habari ya plau. Akanipeleka nyuma ya ghala, akaondoa turubai, plau iko pale, ncha imeng'aa, udongo mbichi bado umeganda kwenye boliti. Maksai mmoja ni wa kaka yake aliye ng'ambo ya mto, wa pili ni wa jirani, na jozi hiyo inalima nyumba tano. Yeye alikuwa wa tano. Alipanda karanga wiki nne baada ya nyumba ya kwanza. Nilibadilisha dodoso usiku uleule: sasa linaanza na plau, linafuata jozi, kisha nyumba kwa zamu yake, na kila nyumba ina safu ya tarehe ya kulimiwa. Siku za kusubiri alizozungumzia Mtakwimu zinatoka humo moja kwa moja.

Nimebaki na tatizo moja la ufundi. Visima na majosho nimeyatoa kwenye karatasi za zamani za ramani za kipimo cha 1:50,000, nikiandika namba za gridi kama zilivyo. Nikiyaweka juu ya picha ya setilaiti, kila kisima kinaangukia kaskazini ya mahali kilipo kweli, na kosa ni lilelile kila mahali. Aidha, Mzee ametaja mazizi. Je, niyasogeze kiasi gani kabla ya kuchapisha?

Mtakwimu, Mbale, anajibu:

Kosa linalofanana kila mahali ni habari njema, kwa sababu lina chanzo kimoja. Karatasi hizo zilichorwa kwa mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, na simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Tofauti kati yake hapa kwetu ni mita zipatazo 300, nyingi yake ikiwa ya kaskazini na kusini. Eneo lako lote liko kaskazini mwa ikweta na ndani ya kanda ya 36 ya gridi, kwa hiyo ingiza visima katika QGIS kwa namba ya mfumo 21096 (Arc 1960), kisha vigeuze kwenda 32636 (WGS 84). Usivisogeze kwa mkono. Baada ya hapo nenda kwenye visima vitatu vilivyo mbali mbali ukavipime kwa simu, ukisubiri usahihi ufike mita 5.

Kuhusu kusogeza: zile tafiti za kaya za afya na idadi ya watu zinazofanywa katika nchi nyingi husogeza vituo vyao vya vijijini kwa umbali wowote hadi kilomita 5, na kimoja katika kila mia hadi kilomita 10. Kwa mazizi mimi nisingechapisha nukta hata iliyosogezwa, kwa kuwa katika tambarare ya Teso mtu anayeijua nchi ataotea. Chapisha kwa parishi, na parishi yenye jozi chini ya tano iunganishe na jirani yake. Nukta halisi zibaki kwenye kompyuta moja yenye nywila, na kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu wewe na chama chako, kwa hiyo idhini ya kila mwenye nyumba iandikwe.

Mzee wa Ngora, anaongeza:

Mwanangu, yule mama wa nyumba ya tano mrudie Julai. Kama mwaka huu nyumba zile zitaanza zamu kutoka upande wake, andika; tulikuwa tukifanya hivyo zamani, aliyelimiwa mwisho Machi analimiwa wa kwanza Agosti, na ningependa kujua ni parishi ngapi bado zinaushika utaratibu huo.